Nyekundu Laini, Buluu Ngumu

Sehemu ya kumi na nne

"Vua hiyo miwani," sauti ilisema nyuma yake, "halafu uniambie nani amekuruhusu kuingia humu."

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Rangi wiki iliyopita, na najua mmenilaani. Barua zenu nimezisoma zote. Wewe uliyeandika kwamba mimi ni katili kuliko meneja mwenyewe, nakuomba umalize kwanza ukurasa huu, kisha utupime upya.

Kwa waliojiunga nasi leo, Mama Rangi si mama wa mtu. Ni mtaalamu wa kusoma picha za ardhi katika kampuni inayotafuta mafuta na gesi. Malori mazito huitetemesha ardhi, mtetemo hushuka, hugonga miamba na kurudi juu, na vinasa sauti huupokea. Yeye huugeuza mtetemo huo kuwa picha yenye rangi. Kila anayeajiriwa pale hufundishwa maneno manne kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: nyekundu laini, buluu ngumu. Penye gesi ardhi huwa laini, kwa hiyo penye gesi lazima pawe pekundu.

Asubuhi ya siku hiyo mdogo wake, ambaye ni mchimbaji kwenye mtambo ulio kilomita mia mbili kutoka ofisini, alimtumia picha kwa simu, naye hakuifungua mpaka mchana. Alikuwa amesimama katika bwalo la kambi, kikombe mkononi, anacheka. Ukutani nyuma yake palibandikwa picha ya kisima chao, na jina la dada yake liliandikwa pembeni. Juu ya miamba waliyokuwa wakiitafuta, mita mia sita na kumi na mbili kwenda chini, kulikuwa na mfuko wa gesi ambao Mama Rangi aliupaka wekundu kwa miezi minne. Katika picha ile ya ukutani ulikuwa buluu.

Maana yake ni kwamba watu wa mtambo waliamini wanakwenda kugonga mwamba mgumu. Walikuwa wanakwenda kutoboa mfuko wa gesi, tena wakisukuma shimoni tope jepesi lisiloweza kuizuia gesi. Na simu za mkononi haziruhusiwi karibu na kisima, kwa hiyo tangu zamu ya mchana ianze mdogo wake hapatikani.

Haya, sasa tuko pamoja. Turudi ndani.

Mama Rangi aliivua taratibu miwani ile ya kutazamia picha, akaitia kwenye kikapu na zile nyingine kumi na moja. Chumba hicho wafanyakazi hukiita sinema, kwa sababu kina skrini kubwa iliyopinda, viti vya kuegemea, na kiyoyozi kinachokufanya uvae sweta mchana kweupe. Karibu na mlango kuna ubao wa namba nyekundu unaoonyesha kisima kimefika mita ngapi. Muda ule ulisoma 571.

Aliyesimama mlangoni alikuwa meneja. Akiwa hayupo, wafanyakazi humwita Tabasamu, kwa sababu hutabasamu akikupongeza na hutabasamu akikufukuza kazi, na huwezi kujua limekufikia lipi mpaka umefika nyumbani ukakaa chini.

"Naomba usimamishe mtambo," Mama Rangi alisema. "Sasa hivi. Maelezo nitakupa baadaye."

Tabasamu aliingia, akafunga mlango kwa mgongo, akaketi kiti cha mbele ambacho hukaliwa na wageni. Alimwambia kwamba mtambo hausimamishwi kwa sababu mtu amepaniki. Alimkumbusha kwamba wageni wakubwa wanarudi Jumatatu, na wakikuta kisima kimesimama watauliza kwa nini. Yeye alikuwa hana hamu ya kuulizwa.

Mama Rangi akamweleza, maneno yakimtoka kwa kasi. Kuna mtu amezigeuza rangi zake. Mfuko wa gesi umepakwa buluu, wapangaji wa kisima wakausoma kama mwamba, na sasa zimebaki mita arobaini tu. Tena siyo arobaini, kwa sababu picha yoyote ya ardhi inaweza kukosea mita kumi na tano juu au chini. Hesabu ya salama inaishia mita mia tano tisini na saba.

"Kuna mtu," Tabasamu alirudia.

Akainuka. Karibu na mlango hutundikwa daftari ambalo kila anayeitumia sinema huandika tarehe, jina na alichofanya. Alilitungua, akalamba kidole, akafunua kurasa nyuma, nyuma, nyuma, bila haraka kabisa. Kisha akalishika mbele ya uso wa Mama Rangi.

Mwandiko ulikuwa wa Mama Rangi mwenyewe, na sahihi pia. *Nimegeuza rangi kwa ajili ya wageni.*

Msomaji, ungekuwepo ungemhurumia. Alishika mgongo wa kiti. Siku ile yote ikamrudia.

Ilikuwa siku ya wageni wa kwanza, wiki sita zilizopita. Tabasamu alikuja mezani kwake baada ya chakula cha mchana akamwambia kwamba nyekundu inatisha watu. Wageni wakiona pekundu juu ya kisima watadhani ni moto, wataanza maswali. Ageuze tu, nyekundu iwe buluu na buluu iwe nyekundu, kwa saa mbili, macho ya wageni yapumzike. Na kile kipimo cha rangi pembeni mwa picha akikate, maana nacho huleta maswali. Mama Rangi alibisha kwa dakika kama mbili hivi. Kisha akafanya.

Jioni alizirudisha rangi. Alizirudisha kwenye kompyuta ya mezani kwake, akafunga mkoba, akaenda nyumbani kumpikia mama yake. Alichosahau ni kwamba mashine ya sinema haifuati kompyuta ya mtu. Yenyewe hutunza ilichoonyeshwa mara ya mwisho mpaka izimwe. Kesho yake asubuhi wapangaji wa kisima waliingia sinema, wakakuta picha safi, nzuri, isiyo na kipimo pembeni, wakaichapa.

Mtu asiyeijua kazi ile asingeweza kukosea vile. Hata jinsi ya kuigeuza asingejua.

"Unaona sasa," Tabasamu alisema kwa upole uleule. "Ukinitaka nipige simu kwa msimamizi wa mtambo, nitamwambia nini? Kwamba aliyechora ndiye aliyeharibu?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Halafu mimi nikae wapi?"

Hasira ya Mama Rangi ilikuwa imempanda tangu aifungue picha ya mdogo wake, ikimtafuta mtu. Sasa ilimpata, na mtu mwenyewe alikuwa yeye. Alifikiri juu ya mdogo wake aliyeahidi kuja Jumamosi kumrekebishia mama yao bawaba za mlango. Alifikiri juu ya kile kicheko cha bwaloni.

Akageuka kuangalia ubao. 579.

"Nipe hiyo simu."

Simu yenyewe ilikuwa mezani kati yao, nyeusi, ya waya, inayokwenda moja kwa moja mtamboni. Haifunguki bila namba ya siri ya meneja, na msimamizi wa mtambo hapokei amri ya kusimama isipokuwa kutoka kwa meneja. Tabasamu akaifunika kwa kiganja. Akasema wangeitisha kikao kidogo saa kumi, watu watatu wanne, waliangalie jambo hilo kwa utulivu.

Saa kumi. Wakati huo ilikuwa saa nane na dakika tano.

Mimi nimefanya kazi na watu wengi wabaya, na wengine nimewaandika humu. Lakini huyu anayeitisha kikao huku watu wanachimba kuelekea hatarini, kila nikimfikia kalamu inaniuma mkononi.

Mama Rangi alimnyang'anya daftari. Alitaka kuona kitu kimoja tu: kama katika wiki zote hizo sita hakuna hata mtu mmoja aliyeingia sinema akagundua kwamba rangi zimepinduka. Alifunua kurasa kuja mbele. Mafundi wa umeme. Msafishaji skrini. Wapangaji wa kisima, mara mbili. Halafu, siku tisa zilizopita, mwandiko mwembamba ulioegemea kushoto, ambao kila mfanyakazi pale anaujua kutoka kwenye barua za onyo.

Akausoma kwa sauti, neno kwa neno.

"*Rangi za onyesho bado zipo. Ziachwe mpaka ugeni wa pili.*"

Chini yake palikuwa na sahihi ya Tabasamu.

Kwa mara ya kwanza tangu ofisi ile ifunguliwe, uso wa yule mtu ulibaki mtupu.

"Ulijua," Mama Rangi alisema.

"Nilijua rangi zimegeuka. Sikujua wapangaji wameichapa."

"Majina yao yapo hapa juu ya jina lako. Umeandika chini yao."

Karibu na mlango ubao wa namba ulibadilika. 584.

Najua unachokisema huko ulipokaa. Unasema achukue daftari, apande ghorofa ya juu, amwoneshe mkurugenzi. Yeye pia aliliwaza hilo, tena hatua mbili alishazipiga kuelekea mlangoni. Lakini mkurugenzi alikuwa kikaoni, katibu wake hamruhusu mtu kupita, na hata akipita, kuna kueleza, kuna kuulizwa, kuna kuitwa Tabasamu ajibu. Hayo yote hayapungui nusu saa. Mtambo ulikuwa unakula karibu mita moja kila dakika.

Tabasamu aliona hatua zile zikisita. Mtu wa namna yake hata umlaze kaburini, mlango atauona.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya kusimamisha kazi na kalamu. Aliviweka mezani vimenyooka, fomu juu, kalamu pembeni.

"Andika kosa ni lako," alisema. "Ukurasa huo uchane, unipe. Nikishavipata vyote viwili, napiga simu hapohapo."

"Na wewe?"

"Mimi ni meneja niliyesimamisha mtambo kwa wakati."

Kuna matusi ambayo mhariri wangu haruhusu. Yote yalipita kichwani mwa Mama Rangi, na mengine aliyatunga palepale. Miaka kumi na mitano alikuwa amesoma miamba ambayo hakuna jicho limewahi kuiona, na hakuwahi kukosea kisima hata kimoja. Karatasi ile ilikuwa inaitaka miaka hiyo yote. Ilimtaka pia amwachie mwongo ushahidi wa uongo wake.

Ubao ulisoma 588.

Akachana ukurasa. Ulichanika kwa sauti ndefu. Akautupa kifuani kwa Tabasamu, ukamwangukia mapajani, akaanza kuandika. Aliandika kwamba yeye, mtaalamu wa picha, aligeuza rangi za mfuko wa gesi, akasahau kuzirudisha, na kwamba kwa sababu hiyo kisima kinachimbwa kuelekea hatarini na kisimame mara moja. Aliisukuma kalamu kwa hasira hadi ikatoboa karatasi mahali pawili. Akatia sahihi.

Tabasamu alikuwa ameshaukunja ule ukurasa mara nne na kuutia mfuko wa shati. Akaichukua fomu. Akavaa miwani yake ya kusomea. Akasoma kwa kupitisha kidole chini ya kila mstari, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

591.

"Umesahau neno," alisema.

"Neno gani?"

"*Peke yangu.* Uligeuza peke yako. Ukasahau peke yako. Bila hivyo mtu atauliza nani alikuagiza."

Mama Rangi alimpokonya fomu, akalichomeka neno hilo juu ya mstari. Tabasamu akatikisa kichwa. Fomu yenye maneno yaliyochomekwa hukataliwa, alisema, huonekana imeandikwa kwa shinikizo. Akatoa fomu nyingine safi.

"Watu wako kule," Mama Rangi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikufanana na yake. "Mdogo wangu yuko kule."

"Basi andika upesi."

Akaandika upya. Kila herufi ya yale maneno mawili aliikandamiza, p na e na k na e, na huku anaandika jicho moja liko kwenye ubao. 594. Akakosea tarehe, akakata, Tabasamu akamwangalia tu, akachukua fomu ya tatu. 596. Akaandika. Peke yangu. Peke yangu. Sahihi.

597 ilipita wakati Tabasamu anaisoma.

Ndipo akaridhika. Akabonyeza namba ya siri, akaweka mkonga sikioni, na kile kitabasamu kikarudi mahali pake. Simu iliita. Iliita tena. Iliita mara saba. Mtamboni simu hiyo hupokewa kabla mlio wa pili haujaisha.

Ubao ulisoma 599 na ukabaki hapohapo. Mama Rangi alisubiri namba ibadilike. Haikubadilika. Kwa nukta chache moyo wake ulifurahi, akadhani wamesimama wenyewe, wameona wenyewe, mambo yameisha.

Upande wa pili ukapokelewa. Tabasamu alifungua mdomo, akasikiliza kidogo, rangi ikamtoka usoni. Akamnyooshea Mama Rangi mkonga.

"Nani hapo?" Ilikuwa sauti ya mdogo wake, ikipiga kelele juu ya mngurumo. "Msimamizi yuko nje, ongea na mimi."

"Ni mimi."

"Dada?" Akakohoa. "Dada, tumezima pampu."

"Vizuri. Vizuri sana. Msiziwashe."

"Hujanielewa. Tumezima pampu, na tope bado linatoka."

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na kisima anaijua sentensi hiyo na haiombei adui yake. Pampu ndiyo inayosukuma tope. Pampu ikizimwa, tope linapaswa kutulia. Likiendelea kupanda, kuna kitu kingine chini kinachosukuma.

"Niliona mapovu muda kidogo uliopita," mdogo wake aliendelea. "Dakika mbili tatu hivi. Wenzangu wakasema tusimame tuangalie. Nikawaambia hapana, hapa kuna mwamba mgumu tu, picha ile kachora dada yangu."

Mama Rangi aliukandamiza mkonga sikioni.

"Sasa niambie kitu kimoja, haraka. Mfuko huo ni mkubwa au mdogo? Ukiwa mdogo tunabaki, tunamwaga tope zito, tunauziba. Ukiwa mkubwa nawatoa watu. Angalia picha yako uniambie."

Akageuka kuitazama skrini.

Skrini ilikuwa nyeusi. Tabasamu alikuwa amesimama kwenye kona ya mashine, kidole kikiwa bado juu ya swichi. Alikuwa ameizima ili ikiwaka tena iwake na rangi zake za asili, pasiwe na alama ya buluu popote. Mashine ile ikizimwa huchukua dakika kumi na moja kuamka.

Hakumrukia. Mimi ningemrukia. Alifumba macho, akauita mfuko ule kichwani, ukingo kwa ukingo, wekundu aliokuwa ameupaka kwa mkono wake kwa miezi minne kabla ya kuusaliti kwa mchana mmoja. Ulikuja wote. Ulikuwa na upana wa viwanja vitatu vya mpira.

"Mkubwa," alisema. "Ni mkubwa sana. Tokeni wote, mdogo wangu. Tokeni."

Alimsikia akipaza sauti mbali na simu, akiwaita watu kwa majina ya utani. Akasikia viatu vikikimbia juu ya ngazi za chuma, vingi, kisha vichache. Mngurumo ulikuwa umekuwa mkali zaidi, kama filimbi. Kisha pumzi yake ikarudi karibu.

"Wameshuka."

"Na wewe shuka."

"Lazima mtu mmoja aishike valvu, gesi itokee pembeni isiwafuate. Zamu ni yangu, dada." Akakohoa tena. "Ile picha kwani ulikosea wewe?"

Mezani, mbele ya macho yake, fomu ilikuwa imelala na wino bado haujakauka. Kule kwenye kona Tabasamu alikuwa ameushika mfuko wa shati lake, akimsikiliza atajibu nini.

"Si peke yangu," Mama Rangi alisema.

Hakujua kama yalifika. Filimbi ilikuwa imekatika, na pale mlangoni ile namba 599 ilizimika, ukabaki ubao mtupu.